Taa Nne na Kengele Isiyolia

Birongo,
1 Juni 2025.

Kwa Mama Gentrix,
Nyumba nambari sita, Nyakoe.

KUH: TAA ZA DARI

Pokea salamu zangu. Mimi ndiye Mama Machogu, mwenye ploti unayokaa. Hatujawahi kuonana kwa sababu mlipohamia mwezi wa Machi ni mwanangu Machogu aliyewapa funguo, nami nilikuwa huku nikichuma majani chai.

Naomba radhi kwa mambo ya tangi. Lilipopasuka sikujua kwamba maji yote yangeamua kupitia kwenu. Ogoti, msimamizi wa ploti, ananiambia dari mpya ya jipsamu imeshapigwa na kupakwa rangi, na kwamba zimebaki nyaya tu zinazoning'inia zikingoja taa.

Marehemu mzee wangu, Nyangau, aliweka balbu moja katikati ya kila chumba, na hivyo ndivyo nimepangisha miaka yote. Sasa nataka kujaribu kitu kipya, nianze na nyumba yako. Nilikuwa nafikiria ile taa kubwa ya kuning'inia yenye vioo vingi, kama niliyoiona kwenye ukumbi wa harusi mjini Kisii. Lakini atakayekaa chini yake ni wewe. Chagua, halafu uniambie na sababu. Mimi ni mtu wa kupenda sababu.

Usinipigie simu. Mtandao wa huku kwetu ni mbaya. Ogoti hupanda kwao huku kila Ijumaa kwa ajili ya Sabato na hushuka Jumapili, kwa hiyo mpe barua. Nilikuwa karani wa shule kule Nyamira mpaka nikastaafu. Barua haijanishinda.

Wako,
Mong'ina Nyangau (Mama Machogu).


Nyakoe,
5 Juni 2025.

Mpendwa Mama Machogu,

Nimeipokea barua yako nikacheka kwa furaha. Tangu nitoke shule sijawahi kuandikiwa barua yenye "KUH". Nimeisoma dukani kwangu Daraja Mbili, kati ya mapazia, na wateja wakafikiri ni ya mchumba.

Asante kwa kuniuliza. Nyumba zote tulizokaa, mwenye nyumba hakuwahi kutuuliza hata rangi ya mlango.

Mama, ukikubali, tusiweke taa ya kuning'inia. Sebuleni ningependa zile taa bapa zinazolala ndani ya dari, paneli, ziwe nne, tena zisiwe katikati. Ziwe pembeni, moja kila upande, ili mwanga utoke pande zote. Ziwe nyeupe kama mwanga wa asubuhi, lakini zisiwe zile kali za hospitali. Na kama fundi Anyona bado hajapaka rangi ya mwisho ukutani, aweke isiyong'aa.

Kitu kingine, ukiona ni kingi unisamehe. Naomba kengele ya mlango. Lakini si ya kulia. Mtu akibonyeza huko nje, taa ya sebuleni na ya chumbani ziwake na kuzimika mara kadhaa. Anyona anasema anaweza kuiunganisha bila shida.

Sababu ni macho. Macho yetu yanachoka upesi.

Wako mtiifu,
Anyiko (Mama Gentrix).


Birongo,
8 Juni 2025.

Mama Gentrix,

KUH: KENGELE ISIYOLIA

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila nikisoma maswali yanaongezeka.

Macho ya nani yanachoka? Yako, ya Baba Gentrix, au ya mtoto? Ikiwa ni ya mtoto, umempeleka kwa daktari? Na mwenye macho mabovu atahitajije taa pembeni badala ya katikati? Nimekaa kitini nikaweka taa ya mafuta kila upande wa meza yangu nijaribu. Nilichoona tofauti ni kwamba paka wangu alikosa kivuli.

Na kengele isiyolia ni kengele gani? Karani hununua kengele ili ilie. Ninajiuliza ni mgeni wa aina gani anayekuja kwa mtu na hatakiwi kusikika na majirani.

Nitakuambia wazi kwa sababu sipendi kusengenya. Mpangaji wa chini yako amemwambia mwanangu kwamba nyumba yenu haina sauti ya mazungumzo kabisa. Ninyi ni watu watatu, lakini jioni hasikii hata neno. Anachosikia ni mguu kupigwa sakafuni, du, du, kisha kimya, kisha mtoto kucheka. Nikimuuliza Ogoti, anaangalia viatu vyake.

Je, unashona hapo nyumbani? Mnapiga picha? Kama ni biashara, sema tu. Siyo dhambi. Ninataka kujua.

Mimi,
Mama Machogu.


Nyakoe,
12 Juni 2025.

Mpendwa Mama Machogu,

Hakuna biashara. Naapa. Mashine yangu ya kushona iko dukani na Baba Gentrix ana karakana yake ya kutengeneza sofa barabara ya Kisii. Nyumbani tunapika, tunakula na kulala. Yule mtoto kucheka ni Gentrix, ana miaka minne, baba yake humsimulia hadithi. Mguu sakafuni ni mchezo wao. Nitawaambia wapunguze.

Lakini nakuandikia nikiwa na mshangao. Anyona alikuja jana akatundika taa kubwa mno, ina vioo kama mkufu wa bibi harusi, katikati ya sebule. Nikamwambia tulikubaliana tungoje. Akasema, "Mama Machogu mwenyewe ameniambia nitundike hii. Nilimuuliza kwa simu kama niweke ile yake au zile nne zako, akasema sawa, weka, weka."

Mama, kama umeamua hivyo ni haki yako, nyumba ni yako. Lakini taa yenyewe imeshuka mpaka usawa wa vichwa vyetu. Jana jioni Gentrix alikaa upande mmoja na baba yake upande wa pili, na ile taa ikawa katikati yao kama mgeni asiyetaka kuondoka. Hadithi haikusimuliwa. Mtoto alilia mpaka akalala.

Nakuomba ufikirie tena.

Anyiko.


Birongo,
15 Juni 2025.

Mama Gentrix,

Anyona ni mwongo. Alinipigia simu ndiyo, lakini nilimwambia angoje. Nitamtafuta fundi mwingine.

Mambo yameharibika hata zaidi. Anyona amemlalamikia mwanangu Machogu, na Machogu amepanda huku kutoka Kenyenya, anakofanya kazi kwenye ofisi za serikali. Alisimama mlangoni pangu bila hata kukaa. Anasema nasema hiki leo na kesho nakikana. Anasema watu wote wameona. Anasema ploti imenizidi nguvu na kwamba amepata mtu wa kuinunua, na mwezi ujao ataniletea dada yake Sheila tufanye kikao cha familia.

Machogu amekuwa mtu baridi kwangu tangu mwaka jana. Sijui nilimkosea wapi. Alikuwa akija kila mwezi. Sasa anakuja kunihesabia makosa.

Basi, nitakuja mwenyewe Jumatano nione hiyo taa na niwaone ninyi. Usifunge duka kwa ajili yangu. Kama Baba Gentrix atakuwepo inatosha.

Mama Machogu.


Nyakoe, chumba cha Ogoti langoni,
18 Juni 2025.

Kwa Mama Gentrix,

Naandika hii kabla sijapanda gari la kurudi.

Nilibisha mlango wenu. Nilibisha kwa mkono, nikabisha kwa mwavuli. Pazia lilikuwa limefunguka kidogo, nikamwona mume wako amekaa, mkono umefungwa bendeji, amenipa mgongo, anasoma gazeti. Hakugeuka. Nikagonga kioo cha dirisha. Alifungua ukurasa mwingine.

Mimi ni mjane, ni mzee, na hiyo ni nyumba ambayo mimi na mzee wangu tuliijenga kwa jasho. Sijawahi kudharauliwa hivyo kwenye mlango wangu mwenyewe. Kama Machogu atauza, auze. Lakini kabla hajauza, naomba mtafute nyumba nyingine. Mna hadi mwisho wa mwezi wa Julai.

Mong'ina Nyangau.


Nyakoe,
19 Juni 2025.

Mama,

Ogoti alinipa barua yako mkononi akakaa hapo hapo akingoja niisome.

Mume wangu hakukudharau. Odoyo ni kiziwi. Hakusikia mkono, hakusikia mwavuli, hakusikia kioo. Alikuwa amejikata kidole kwa patasi ndiyo sababu alibaki nyumbani, na alikaa kukungoja tangu asubuhi akiwa amevaa shati la kanisani. Niliporudi aliniuliza, "Mbona mama hakuja?" Nilipomwambia ulikuja ukabisha, aliingia chumbani akalivua lile shati.

Nilipaswa kukuambia tangu barua ya kwanza. Tulikotoka, mjini, mwenye nyumba alipogundua alisema kiziwi atamchomea nyumba, maana watu wakipiga kelele za moto hatasikia. Tulitolewa na vitanda vyetu mvua ikinyesha. Kwa hiyo hapa tulikubaliana tusiseme mpaka mtuzoee. Ogoti aligundua wiki ya kwanza, nasi tulimwomba anyamaze. Tafadhali usimkasirikie.

Sasa nikupe sababu, kwa kuwa unapenda sababu.

Sisi tunaongea sana, Mama. Tunaongea kwa mikono na kwa nyuso. Ndiyo maana jirani wa chini hasikii. Mguu sakafuni ni kumwita Odoyo, mtikisiko unamfikia miguuni naye anageuka. Balbu ikiwa moja katikati, anayekaa chini yake macho yake na mdomo vinaingia kwenye kivuli. Ikiwa nyuma yangu, Odoyo anaona kichwa cheusi kisicho na uso. Taa ya tyubu ikianza kupepesa, macho yake yanauma kama masikio yako yangeuma mtu akigonga debe kando yako. Rangi inayong'aa inarudisha mwanga machoni. Taa zikiwa nne, pembeni, kila uso unaonekana popote mtu anapokaa. Na ile kengele ndiyo ingekuwa imemwambia jana kwamba umefika.

Nimemaliza. Kama bado unataka tuhame, tutahama. Ila usiende ukiamini kwamba alikupa mgongo kwa makusudi.

Anyiko.


Birongo,
22 Juni 2025.

Mwanangu Anyiko,

Ile barua yangu ya Jumatano ichome. Hakuna anayehama.

Nilisoma yako Ijumaa jioni kabla jua halijazama, na Sabato nzima sikuweza kufikiria kitu kingine. Nilikaa kanisani nikimtazama mhubiri na nikitafuta namna ya kukuandikia yafuatayo.

Huku mtandao si mbaya. Simu inashika vizuri kabisa. Ni mimi nisiyeshika.

Ilianza polepole. Kwanza nilikosa ndege wa asubuhi, nikadhani wamehama. Halafu sauti za watu zikawa kama zinatoka ndani ya blanketi. Kwenye simu ndiyo kabisa, nasikia mtu ananguruma, basi nasema "sawa" au "ndiyo" kwa kukisia, nikitumaini nimekisia vizuri. Anyona hakudanganya. Nilipomwambia Machogu kwamba ni mwongo, nilikuwa nimeshajua kwamba huenda nilisema "weka, weka". Sikusikia hata kama aliniuliza kuhusu taa. Nilidhani anazungumza juu ya rangi.

Nimewaficha watoto wangu kwa sababu naijua hatua inayofuata. Watasema, mama amekwisha, tumsaidie, na kunisaidia ndiko kule kuuza. Kumbe kwa kuficha nimewafanya waamini jambo baya zaidi, kwamba ni kichwa ndicho kimeharibika.

Nimemwuliza Ogoti kama alijua langu pia. Akaangalia viatu vyake. Kumbe huyu mtu amekuwa akipanda na kushuka na barua zetu huku siri zetu zote mbili anazo.

Mpe Baba Gentrix maswali haya, anijibu yeye mwenyewe kwa mkono wake. Je, yeye anaelewaje midomo ya watu? Mimi naweza kujifunza katika umri huu? Anajuaje chai imechemka? Anaota ndoto zenye sauti? Na je, ananichukia?

Mama yako,
Mong'ina.


Nyakoe,
26 Juni 2025.

Mama Mong'ina,

Mimi ni Odoyo Ombok. Kidole kimepona, naandika mwenyewe.

Sikuchukii. Siku ile nilikasirika, lakini nililikasirikia lile pazia, maana lilikuonyesha mgongo wangu badala ya shati langu jipya.

Nilikuwa nikisikia mpaka darasa la pili, kule kwetu Rachuonyo. Kisha homa ya uti wa mgongo. Niliamka hospitalini mama yangu anafungua na kufunga mdomo, nikafikiri anatafuna. Kwa hiyo ndoto zangu zina sauti kidogo: jogoo, na mama akiniita. Sauti za watu niliojua baadaye hazimo. Katika ndoto Anyiko anaongea kwa mikono, kama hapa.

Chai ikichemka mfuniko unatikisika, naweka kijiko juu ya mfuniko kinaruka. Tena nina pua.

Kuhusu midomo, nikuambie ukweli ili usije ukavunjika moyo. Mtu haoni maneno yote. Unaona nusu, nyingine unakisia kwa macho ya mtu, mabega yake, na habari iliyokuwa ikizungumzwa. Mwenye ndevu nyingi ananishinda. Anayetafuna ananishinda. Anayegeuka kuangalia dirisha ananishinda hata akiwa rafiki yangu. Lakini mtu akikaa mbele yako, uso wake ukiwa na mwanga, akasema polepole kidogo bila kupiga kelele, unapata mengi. Wewe umekuwa ukifanya hivyo bila kujua. Ulimtazama mhubiri kwa sababu gani? Bila shaka kwa sababu dirisha la kanisa linamwangazia usoni.

Umri hauzuii. Ila nenda hospitali wakakupime, kuna watu ambao kifaa kinawasaidia. Mimi hakikunisaidia, wewe huenda kikakusaidia.

Nina ombi na shauri. Ombi: mwambie Anyona ukweli, yule fundi ni mtu mwema na ana watoto. Shauri: usifanye kikao cha familia kwenye nyumba yako ya Birongo, Ogoti anasema ina balbu moja na madirisha madogo. Kifanye hapa kwetu, zile nne zikishawekwa. Sisi tutatoka tuwaachie nyumba. Utawaona wote.

Odoyo.


Birongo,
29 Juni 2025.

Baba Gentrix,

KUH: SHAURI LAKO

Limekubaliwa. Nimemwandikia Anyona barua ya kumwomba msamaha na Ogoti anaishusha pamoja na hii. Ile taa ya vioo aing'oe. Nitaipeleka kanisani watundike ukumbini kwa ajili ya harusi, pale ambapo hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Kikao ni tarehe kumi na tatu Julai, Jumapili. Ninaogopa kama msichana anayekwenda kufanya mtihani.

Mama Mong'ina.


Birongo,
14 Julai 2025.

Anyiko, Odoyo, na Gentrix,

Mlituachia chai kwenye chupa na mandazi yamefunikwa, mkaenda zenu dukani, nami sikuwashukuru vizuri kwa sababu nilikuwa na hofu. Mbuya mono. Kwa lugha yetu ni asante sana. Sasa nitawaeleza yaliyotokea chini ya dari yenu, kwa sababu mna haki ya kujua.

Nilimketisha Machogu mbele yangu na Sheila kando yake. Nikawasha zile taa ijapokuwa ilikuwa mchana, kulikuwa na mawingu. Anyiko, sikuwa nimekuelewa mpaka pale. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaona wanangu vipande vipande. Jana niliona mpaka yule mshipa wa Machogu unaocheza pembeni ya jicho akitaka kusema jambo zito. Baba yake alikuwa nao.

Machogu akaanza, "Mama, huyu mnunuzi..." Nikamwinulia mkono. Nikasema, "Kabla ya mnunuzi. Mimi sisikii. Kichwa changu ni kizima, masikio ndiyo yamekwisha. Nimewadanganya ninyi wawili kwa zaidi ya mwaka. Mtu aongee mmoja mmoja, anitazame."

Sheila alianza kulia hapo hapo. Machogu hakulia. Aliniuliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu baada ya mazishi ya baba yao, na mwaka jana ikazidi.

Akauliza, "Mwaka jana mwezi wa Agosti ulikuwa husikii?"

Nikasema, "Kwenye simu nilikuwa sisikii kitu."

Akainamisha kichwa, akaanza kuzungumza na meza. Nikagonga meza kwa kidole. Nikamwambia, "Mwanangu, inua uso. Sikuoni."

Akainua. Akasema polepole, nami niliona kila neno likitoka. "Nilikupigia simu kutoka hospitali. Nilikuambia Nyanchama amempoteza mtoto. Ukaniambia, 'Mbuya mono, Mungu asifiwe.'"

Nilidhani nimekisia vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sheila akashika mkono wangu.

Siku ile naikumbuka. Nilikuwa shambani kwenye chai. Simu ikatetemeka, nikaona jina lake, nikasikia ile ngurumo. Alikuwa akingojea kupandishwa cheo, na nikasema moyoni, bila shaka amepandishwa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Nikarudi kuchuma nikiimba. Na yeye upande wa pili amesimama kwenye ukumbi wa hospitali na mkewe Nyanchama amelala ndani.

Hawakuniambia tena. Nami sikumwona Nyanchama akiwa na tumbo, mimba ilikuwa bado changa, walikuwa wakitaka kuja kunipasha habari pamoja. Kwa hiyo kwa mwaka mzima mimi nimekuwa nikijiuliza kwa nini mwanangu amenichukia, naye amekuwa akijiuliza ana mama wa namna gani.

Nilimwambia, "Sikusikia. Ningesikia ningekuja kwa miguu." Alizunguka meza yenu akapiga magoti sakafuni, akaweka kichwa chake mapajani pangu kama alivyokuwa akifanya akiwa na homa. Alisema mengi hapo chini ambayo sikuyaona wala kuyasikia. Sikumwambia ainue uso. Hayo nilimwachia.

Mambo ya mnunuzi yalizungumzwa baadaye, tena kwa ufupi. Ploti haiuzwi. Machogu atapokea simu za mafundi, nami nitaandika barua. Sheila ananipeleka kupimwa wiki ijayo, na ndiye anayeishusha barua hii.

Mandazi tuliyamaliza yote. Samahani.

Mama Mong'ina.


Nyakoe,
17 Julai 2025.

Mama,

Tulisoma barua yako tukiwa wote watatu, mimi nikisoma na kuisema kwa mikono. Nilipofika kwenye ile simu ya hospitali Odoyo aliniomba nikomee hapo, nikamaliza baadaye.

Anyona alikuja Jumanne kuunganisha kengele. Gentrix ameibonyeza mpaka nimemficha kiti cha kupandia. Jirani wa chini naye amepanda kuuliza kwa nini nyumba yetu inapiga radi, Odoyo akamkaribisha ndani, na sasa anajua kusema "habari" na "ugali" kwa vidole.

Odoyo anakuomba ruhusa ya jambo moja. Kwa viziwi, mtu akiwa wa karibu hupewa jina la ishara, maana kuandika herufi za jina lako lote hewani ni kazi. Gentrix ndiye aliyelichagua. Siku ya kikao, tuliporudi, ulimcheka paka wa Ogoti na mtoto akaona kishimo kwenye shavu lako. Basi jina lako ni kidole kimoja, kinachogusa shavu na kuzunguka kidogo. Tayari tunalitumia, kwa hiyo usikatae.

Erokamano, yaani asante kwa lugha yetu, kwa yote.

Anyiko.


Birongo,
27 Julai 2025.

Wapendwa wangu,

Jina nimelipokea. Nimejaribu mbele ya kioo, na paka wangu ameniona mwendawazimu.

Hospitali walisema sikio la kushoto limekwisha, la kulia linaweza kusaidiwa. Kifaa kitachukua muda kufika. Daktari alikuwa na tabia ya kuzungumza akiandika, nikamwambia, "Daktari, nitazame." Alishtuka, kisha akanitazama. Niliwaza kwamba Odoyo angefurahi.

Lakini ninalotaka kuwaambia ni la Ijumaa. Nilikwenda Kenyenya, nyumbani kwa Machogu. Sikutanguliza barua wala simu. Nyanchama alikuwa akifua nyuma ya nyumba. Aliponiona alisimama na povu mikononi, na sikujua kama atanikaribisha, maana Machogu alikuwa amemweleza, lakini kuelezwa na mumeo si sawa na kuniona mimi.

Aliniambia tuingie ndani. Nikamwambia, "Mama, ndani kuna giza. Tukae hapa." Akaleta viti viwili, tukavielekeza jua lisimpige machoni, na lisiwe nyuma yake. Nikamwambia, "Mwaka jana ulikuwa na jambo la kuniambia, nami sikulisikia. Nimekuja uniambie."

Alikausha mikono kwenye leso. Kisha akaanza, tangu siku ile aliyojua kwamba ana mimba. Alinieleza jina walilokuwa wamelichagua. Lilikuwa langu.

Mahali nilipokosa neno nilimwomba arudie, naye akarudia.

Wenu,
Mong'ina.